Viungo vya nofollow: maswali ya wenye tovuti

Swali: Gazeti moja la mtandaoni limeandika habari za duka letu la vitenge na kuweka kiungo cha tovuti yetu. Fundi wetu anasema kiungo hicho kina nofollow, yaani alama iliyo ndani ya msimbo wa ukurasa inayoiambia mitambo ya utafutaji isikihesabu kiungo, hivyo hakitusaidii kitu Google. Je, ni kweli?

Jibu: Kauli hiyo ilikuwa na nguvu zaidi zamani kuliko sasa. Alama ya nofollow ilianza kutumika Januari 2005, Google, Yahoo na MSN zilipokubaliana kuitumia ili kuwakatisha tamaa watu waliokuwa wakijaza viungo vya matangazo kwenye sehemu za maoni kwa nia ya kupandisha tovuti zao. Wakati huo Google ilisema haikipi kiungo cha namna hiyo uzito wowote inapopanga matokeo ya utafutaji. Septemba 2019 ilibadili msimamo na kutangaza kwamba alama hiyo itachukuliwa kuwa dokezo tu, maana yake Google inaweza kukizingatia kiungo au kukipuuza, kwa uamuzi wake na bila kumwarifu mwenye tovuti. Kwa hiyo anayewaapia kwamba kimewapandisha, na anayewaapia kwamba hakijafanya lolote, wote wanabahatisha. Lililo hakika ni kwamba msomaji wa gazeti haioni alama hiyo wala haimhusu. Akibofya, anafika dukani kwenu, na mteja ndiye mliyekuwa mkimtafuta tangu mwanzo.

Swali: Nitaijuaje alama yenyewe?

Jibu: Fungua ukurasa husika kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja, kisha tafuta anwani ya tovuti yako katika msimbo unaotokea. Pembeni ya anwani hiyo huenda ukakuta rel="nofollow". Ukikuta sponsored, kiungo kimelipiwa. Ukikuta ugc, kimewekwa na mtumiaji wa ukurasa. Hizo mbili ziliongezwa mwaka huohuo wa 2019.

Swali: Je, nijiwekee viungo Wikipedia?

Jibu: Hapana. Viungo vya nje vya Wikipedia ya Kiingereza vina nofollow tangu 2007, na wahariri wake hufuta haraka viungo vya kujitangaza.

Swali: Kuna mtu ananiuzia viungo 500 vya «dofollow». Ninunue?

Jibu: Alama iitwayo dofollow haipo katika msimbo, ni jina la mitaani la kiungo cha kawaida kisicho na alama. Kununua viungo ili kupanda kwenye matokeo kunakiuka kanuni za Google, na tangu Penguin, sasisho lake la Aprili 2012 lililolenga viungo vya hila, tovuti nyingi zimeporomoka kwa biashara ya aina hiyo. Ukilipia tangazo kwenye tovuti ya mtu, jambo ambalo ni halali kabisa, mwombe kiungo akitie sponsored au nofollow. Akikataa kwa madai kwamba utakosa faida, tafuta pengine pa kutangaza.