Mwanangu wa miaka 15 anabamiza mlango

Dada yangu wa Ngamiani, Tanga, pole sana. Unasema mwanao, ukimuuliza tu habari za shule, anafoka na kubamiza mlango. Si kwamba amekuchukia. Sehemu ya ubongo inayotuliza hasira haikomai mpaka karibu miaka 25, na homoni ndiyo kwanza zimepamba moto. Halafu usingizi: umri huo unahitaji saa 8 hadi 10, naye pengine anakesha na simu.

Akifoka, usijibizane naye, na tafadhali usimsute mbele ya wadogo zake; hilo linauma kuliko kofi. Mwache apoe. Jioni tembeeni wawili kuelekea baharini, Raskazone. Vijana wengi hufunguka wasipokodolewa macho. Msikilize, usimkatize. Akijidhuru au akitaja kufa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.