Programu Yangu Ilinyamaza Baada ya 3

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba programu yake ya Python (lugha ya kuandikia programu), yenye kitanzi, yaani sehemu inayojirudia, ndani ya kitanzi kingine, haitoi ujumbe wowote wa kosa lakini majibu yake si sahihi, naye ameanza kuamini kwamba hana kichwa cha kazi hii. Maneno hayo nami niliambiwa na aliyekuwa akinifundisha, mbele ya wenzangu, na sijayasahau.

Siku hiyo nilitakiwa kuorodhesha namba tasa, yaani zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, kuanzia 2 hadi 20. Kitanzi cha nje kilichukua namba moja moja, cha ndani kikaigawa kwa kila namba ndogo kuliko hiyo kuanzia 2, na pasipobaki kitu, kigeu (jina linalotunza thamani) nilichokiita tasa kiligeuzwa kutoka True, yaani kweli, kuwa False, yaani si kweli, kisha amri ya break ikakatisha kitanzi hicho cha ndani. Namba ilichapishwa tu ikiwa tasa ilibaki True. Skrini ilitoa 2, ikatoa 3, ikanyamaza. Nilibadilisha range, inayopanga kitanzi kianzie na kuishia namba gani, nikageuza alama, nikasogeza mistari kulia na kushoto kwa kubahatisha, hadi palipokuwa pazima nikapaharibu.

Jioni niliandika print, amri ya kuchapisha kwenye skrini, mwanzoni mwa kitanzi cha ndani, ili nione namba, kigawo chake na thamani ya tasa. Namba 4 ilianza na True, kama ilivyopasa. Namba 5 ilianza na False, kabla haijagawanywa kwa chochote. Mstari wa tasa = True nilikuwa nimeuweka juu ya vitanzi vyote viwili, kwa hiyo ulitekelezwa mara moja tu. Niliushusha ndani ya kitanzi cha nje, na namba zote 8 zikatoka hadi 19. Yule aliyekuwa akinifundisha hakuwepo kuziona, jambo ambalo bado linaniuma kidogo.

Basi acheni kubahatisha, ndugu zangu. Chapisheni thamani, punguzeni namba hadi 5, mzifuate kwa kalamu, na kwa kila mstari mjiulize ni wa kitanzi kipi, kwa sababu Python huamua hilo kwa nafasi za mwanzo wa mstari, ambazo kwa kawaida ni 4 kwa kila ngazi. Kumbukeni pia kwamba break hutoka katika kitanzi kimoja tu. Narudia: chapisheni thamani.

Yule msomaji alinitumia msimbo wake jana. Else yake (sehemu ya “la sivyo”) ilikuwa imeanzia usawa mmoja na for, neno linaloanzisha kitanzi, badala ya if, neno la sharti, na Python hukubali hilo bila kulalamika: sehemu hiyo hutekelezwa kitanzi kinapomalizika bila break.