Barua kwa mwanangu: Harding na wezi wake

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini siku hizi wapo wanahistoria wanaomtetea Warren Harding, rais wa Marekani aliyewekwa mkiani tangu kura ya wanahistoria ya 1948, na kama insha yako nayo imtetee. Mpandishe kidogo, lakini usimsafishe.

Kumpima mtu aliyezungukwa na wezi, fuata sahihi na tarehe. Tarehe 31 Mei 1921 Harding alitia sahihi amri iliyotoa akiba ya mafuta mikononi mwa Jeshi la Majini na kumkabidhi Albert Fall, waziri aliyesimamia ardhi ya serikali. Aprili 1922 Fall akaikodisha Teapot Dome, sehemu ya akiba hiyo kule Wyoming, kwa Harry Sinclair, tajiri wa mafuta, kwa siri na bila zabuni. Elk Hills, akiba nyingine kule California, ilikwenda kwa Edward Doheny, tajiri mwingine wa mafuta, ambaye alikwisha kumpelekea Fall dola 100,000 taslimu ndani ya begi, eti mkopo. Sinclair alimpa Fall hati fungani za serikali. Hapo ndipo walipojiponza, maana hati fungani zina namba, na namba hufuatika. Fall aliingia gerezani 1931. Doheny, aliyeshtakiwa kwa kutoa rushwa ileile ambayo Fall alifungwa kwa kuipokea, aliachiwa huru. Ndiyo mahakama hizo.

Hakuna ushahidi kwamba Harding alionja hata senti moja ya fedha hizo. Watetezi wake huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Juni 1922, Seneti ilipoanza kuuliza, aliiandikia kwamba sera ile aliletewa kabla haijaanza kutumika na kwamba aliikubali yote. Huwezi kusema hakujua mkataba uliotetewa kwa barua yake mwenyewe. La hongo ni jingine. Hilo lilifichuka baada ya yeye kufa, tarehe 2 Agosti 1923.

Kwangu mimi, kesi nzito zaidi ni ya Charles Forbes, mkuu wa ofisi ya kuwahudumia askari waliorudi vitani. Vifaa vya hospitali, vingine vipya kabisa, aliviuza kwa bei ya kutupa. Mapema 1923 Harding alipata habari, na badala ya kumfikisha mahakamani akamwacha aende Ulaya ajiuzulu akiwa huko. Forbes alihukumiwa 1925, wakati rais ni mwingine. Hapa kisingizio cha kutojua hakipo.

Sasa upande wa pili, ambao vitabu vya shule huupita mbio. Kabla ya Juni 1921 kila wizara ilikuwa ikipeleka maombi yake ya fedha Congress kivyake, na hakuna aliyeyaoanisha kuwa mpango mmoja. Sheria aliyoitia sahihi mwezi huo ilimlazimu rais kuleta bajeti moja, ikaunda ofisi ya kuiandaa na nyingine ya kukagua hesabu. Matumizi yalishuka kutoka takriban dola bilioni 5.1 mwaka 1921 hadi 3.1 mwaka 1923, ingawa sehemu kubwa ya unafuu huo ni vita kwisha. Usimpe sifa zote. Mkataba wa Washington wa 1922, uliotokana na mkutano ulioitishwa na serikali yake, ulipunguza manowari kubwa kwa uwiano wa 5 kwa 5 kwa 3: Marekani, Uingereza, Japani. Krismasi ya 1921 alimfungua Eugene Debs, msoshalisti aliyefungwa na serikali iliyotangulia kwa hotuba ya kupinga vita. Na Oktoba mwaka huohuo alisimama Birmingham, Alabama, akadai haki sawa za kisiasa kwa watu weusi mbele ya umati uliotengwa kwa rangi, huku akiukataa usawa wa kijamii. Sehemu zote mbili uziandike.

Barua zake za mapenzi, zilizofunguliwa 2014, ziache. Zinauza magazeti, ila hazisemi lolote kuhusu Teapot Dome.

Rasimu ikiwa tayari nitumie. Cha kwanza nitaangalia kama ile barua ya Juni 1922 umeitaja.

Baba yako