Zimwi Lako Lina Masharti Gani?

Hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kijana anayeniletea mswada wenye mazimwi, majini au wachawi, na wengi hunikodolea macho kama nimewadai kodi ya nyumba. Wameshaeleza pembe, kucha, mabawa na macho ya moto kurasa kadhaa. Lakini zimwi hilo linataka nini? Haliwezi nini? Nani anaijua siri yake? Kimya. Kwa hiyo shujaa analiua kwa sababu tu hadithi imefika mwisho.

Ajabu ni kwamba sisi ndio hasa tusiopaswa kukwama hapo. Nani kati yetu hajui kuwa uganga una masharti? Usile samaki fulani, usigeuke nyuma ukitoka kilingeni, usimpe mtu mkono mpaka jua lichwe. Nguvu isiyo na sharti wazee hawakujisumbua kuisimulia. Mtazame Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano. Mikuki ya Walang'o ilimdunda kwa kuwa mwili wake ulikuwa jiwe. Maadui wakampa binti yao amuoe. Siku alipougua akamwambia mkewe amchanje dawa kwenye kivuli, na siri ikatoka. Mkuki ukachomwa kivulini, akaanguka, akawa jiwe ambalo watu wa huko bado wanalionyesha. Fumo Liyongo naye, pwani ya Lamu, alikuwa hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyetumwa kuichoma ni mwanawe mwenyewe.

Hao wote wawili hawakushindwa vitani, walishindwa nyumbani. Basi ukitafuta udhaifu wa shujaa wako, usianze na mwili wake. Anza na yule anayelala naye chumba kimoja, au anayempikia, au anayemwita baba. Nikimshauri mtu hivi, mara nyingi mswada wake hupata wahusika wapya wawili watatu papo hapo, na wote wana kazi ya kufanya.

Hadithi ninayoirudia kuliko zote ni ya Sultani Majnuni, mojawapo ya zile ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakwenda kushtaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Wanaliwa mbuzi, jibu lile lile. Wanaliwa ng'ombe, wanaliwa watoto wa watu, na sultani habadiliki, mpaka paka anapowala wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo anapotamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda, mnyama mla watu.

Ningependa kila anayebuni dola dhalimu lenye ramani na bendera akae na hadithi hii jioni moja. Hakuna laana wala unabii humo. Nunda amefugwa, akanenepeshwa na jibu la mkubwa mmoja.

Kisha mtoto wa mwisho anatoka kumwinda. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda mla watu. Mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini, analeta mnyama mkubwa zaidi, kisha mkubwa zaidi, punda milia, twiga, kifaru, ndovu, na kila mara wimbo ni ule ule, na siye. Nenda sasa Usukumani, mbali kabisa na bahari, umsikilize mtu akisimulia kisa cha Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, anaanza na panzi! "Mama, nimemuua?" Bado, mwanangu. Ngazi ni ile ile, na ina sababu. Panzi anachekesha, ndege anachekesha kidogo, na kufikia mnyama wa nne msikilizaji ameshaacha kucheka kwa sababu amekwisha pima mwenyewe ukubwa wa kitu kisichoonekana. Hakuna aya ya kueleza meno itakayofanya kazi hiyo.

Na wimbo usiufute kwa kudhani ni mambo ya watoto. Tukisomeana kazi zetu hapa Tanga, hadithi yenye kiitikio ndiyo watu wanayoondoka nayo. Badilisha neno moja tu katika kiitikio mara ya mwisho, utaona watu wazima wanavyokaa sawa kitini.

Kipande cha Masala Kulangwa ninachokipenda zaidi ni kile ambacho wengi wanakiacha. Akilipasua zimwi ili watu watoke, kisu kinamkata bibi mmoja sikio. Bibi anakasirika, hataki kusikia habari za kuokolewa, anataka sikio lake. Mkombozi inambidi atafute dawa. Riwaya nzima iko hapo, naigawa bure kwa anayeitaka.

Kuhusu kuchanganya asili mbalimbali, sina ugomvi nako, ila onyesha njia mambo yalikopitia. Pepo wa Unguja wana makabila kama watu: ruhani wa Kiarabu anataka udi na marashi, kibuki amekuja na watu wa Bukini, yaani Madagaska, na Ngazija, ana lugha yake na anaomba brandi. Walikuja na majahazi na ndoa. Kama kijiji chako kina jini wa baharini na zimwi la bara, niambie nani alimleta nani, na wanaelewana kwa lugha gani.

Sasa jambo zito. Mambo haya kwa jirani yako si ya kubuni. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku majumbani, ilitoka Pemba ikaenea Unguja na Dar es Salaam. Familia zililala nje pamoja, moto umewashwa, na mtu aliyedhaniwa ndiye aliuawa na umati. Mwandishi anayemwona Popobawa kuwa popo mkubwa tu ameacha kitu kinachotisha kweli, yaani ule uani wenye watu macho usiku kucha, kila mmoja akimpima mwenzake.

Ndiyo maana nikikuta kikongwe mwenye macho mekundu aliyewekwa mchawi wa hadithi, nafunga mswada. Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho hayo, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko miaka nenda rudi. Kilifi wazee wameuawa kwa jina la uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba. Sisemi uchawi usiandikwe. Andika tuhuma yenyewe: nani alianza kunong'ona, nani atarithi minazi. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino. Usiwafanye viumbe wa ajabu hata kwa nia ya kuwasifu, maana uajabu huo huo ndio ulionolewa mapanga.

Mwisho, mambo ya vitendo. Kamsikilize msimulizi kabla hujatoa simu ya kurekodi, na umwache akuulize wewe ni mtoto wa nani. Andika mahali ulipoisikia hadithi, kwa sababu Liyongo wa kijiji hiki huenda asifanane na wa ng'ambo ya mto. Na kama kiitikio ni chake mwenyewe, bibi au babu huyo, muombe ruhusa kabla hujakipeleka kwa mchapishaji, na jina lake liwemo kitabuni akikubali.