Anza na majirani, mlinganyo baadaye

Nilipojaribu mara ya kwanza kukokotoa jinsi mnyoo wa kompyuta (programu haribifu inayojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine) unavyosambaa katika mtandao wa rika kwa rika, yaani wa kompyuta zinazowasiliana moja kwa moja bila seva ya kati, nilishika njia ya wengi: hesabu za Kermack na McKendrick za mwaka 1927, zilizotungwa kwa ajili ya magonjwa ya binadamu. Wazima huku, wagonjwa kule, kasi ya maambukizi katikati. Nikapata mchoro mzuri wa umbo la S, nikaridhika. Nilikosea.

Hesabu hizo zinawafaa minyoo wanaopapasa anwani ovyo, kama Code Red ya Julai 2001, iliyoingia kwenye kompyuta zaidi ya 359,000 katika muda usiofika saa 14. Mnyoo wa aina hiyo hupoteza muda mwingi ukibisha hodi kwenye nyumba zisizo na watu. Kwenye mtandao wa rika kwa rika hakuna kubahatisha: kila kompyuta inayo tayari orodha ya majirani zake, na mara nyingi wote wanatumia programu ileile yenye tundu lilelile la usalama.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, chora grafu kwanza: nukta moja, yaani nodi, kwa kila kompyuta, na mstari kati ya kila majirani wawili. Yangu ilikuwa na nodi 5,000. Nyingi zilikuwa na majirani watatu au wanne, chache zilikuwa na mamia. Nikapanda mnyoo kwenye nodi moja, nikaufuatilia hatua kwa hatua. Safari ya kwanza ulianzia pembezoni. Majirani wote watatu walikuwa wamezima, nodi yenyewe ikasafishwa, ukafia hapohapo. Safari ya pili, kwa namba zilezile, ulikutana mapema na nodi yenye majirani mamia, na baada ya hapo hapakuwa na wa kuuzuia. Wastani wa safari hizo mbili haufanani na hata moja. Rudia mara mia, na uzitazame zote.

Nodi hizo zenye viungo vingi ndizo za kuchungwa. Mwaka 2001 Pastor-Satorras na Vespignani walionyesha kwamba mtandao wa namna hiyo ukiwa mkubwa sana, hata mnyoo dhaifu unaweza kudumu.

Na usisahau kwamba nodi iliyozimwa huweza kuwashwa tena. Mimi nililisahau hilo, nikatangaza mtandao ni safi. Nilipoliongeza, nodi moja iliyokuwa imezimwa wakati wa usafi ilirudi na mnyoo wake, ikaanza kuwasalimu majirani.