Kinga ulivaa, sasa homa ya nini? Majibu ya maswali yenu

Mwisho wa mwezi umepita, mishahara imetoka, na inbox yangu imefurika kama kawaida. Nusu ya meseji ni swali moja limebadilishiwa nguo tu: nilivaa kondomu, je, nimeambukizwa? Nimechagua machache. Wale wa "dokta nitajie dawa tu nikanunue" sijawajibu na sitawajibu.

Nilivaa kondomu mwanzo mwisho, haikupasuka, ila leo siku ya nne kichwa kinauma, mwili una joto, sina nguvu. Nimeukwaa?

Hapana. Kondomu ikivaliwa kabla hamjagusana, isipasuke wala kuchomoka, virusi havipiti pale. Halafu dalili za mwanzo za VVU, kwa wale wanaozipata maana wengine hawapati kabisa, mara nyingi zinakuja wiki ya pili mpaka ya nne, sio siku ya nne. Nenda kapime malaria leo hii, mbu hajui kama wewe uko bize kuhesabu siku za ukimwi.

Na hapa niseme kitu nilichochoka kukirudia: wengi wenu hamuumwi, mna hatia. Mtu kachepuka, dhamira inamsuta, basi mwili mzima unageuka shahidi, mara jasho la usiku, mara tumbo la kuharisha, mara kajikuna akaona kipele. Kuna jamaa alinijia chumba cha ushauri, kapima mara tano ndani ya miezi minne, tena kwa tukio moja la kinga, vyote mstari mmoja, yaani hana virusi. Cha tano akakichukua mezani akakipeleka dirishani akakigeuza geuza juani anatafuta mstari wa pili. Nikamuuliza, shemeji anajua? Akakaa chini akaanza kulia. Huyo kipimo cha sita kisingemsaidia.

Nikivaa mbili kwa pamoja si ndio salama zaidi?

Zinasuguana, ni rahisi kupasuka. Vaa moja.

Usiku wa kuamkia Jumapili kondomu ilipasuka, mwenzangu kameza P2 asubuhi yake, kwahiyo tuko poa?

Huyu nilimjibu hapo hapo, sikusubiri safu hii. Aliniandikia Jumatatu saa nne asubuhi, yaani masaa thelathini na nne yameshaondoka na yeye bado anashangilia P2. P2 ni ya mimba jamani! Haizuii VVU, haizuii kaswende, haizuii chochote kinachopita kwenye majimaji. Sijui ni nani aliyetufundisha kuogopa mimba kuliko maambukizi, ila duka la dawa P2 inaisha na dirisha la PEP halina foleni.

PEP ni dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, unaanza ndani ya saa 72 na kila saa unayochelewa inakula nafasi yako, halafu unameza kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Kwa huyu jamaa mlango ulikuwa unafungwa usiku wa kuamkia Jumatano. Unaenda kituo chenye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, na kama ni usiku au wikiendi unaingia mapokezi ya dharura unasema "nimekuja kwa ajili ya PEP", hulazimiki kusimulia mkanda mzima. Watakupima kwanza, maana kama tayari unavyo virusi njia yako ni nyingine. Na usiende kumuomba jirani anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, akugawie vidonge vyake, wewe utapata dozi nusu na yeye utakuwa umemuibia uhai.

Nilitumia kinga ila siku ya tano nikikojoa kunaunguza na kuna usaha. Dukani wameniambia UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wamenipa antibayotiki, azuma na sipro.

Hapa ndio mnaponipandisha presha. Kijana mwanaume, usaha unatoka, siku tano baada ya tendo, halafu mtu aliyesimama nyuma ya kaunta anakwambia UTI. Hicho kinafanana na kisonono, mwanaume mara nyingi kinamtokea kati ya siku ya pili na ya saba. Utauliza kimepitaje na nilivaa. Nakuuliza na mimi: ulivaa saa ngapi? Mlianza peku mkavaa katikati? Mambo ya mdomo mlifanyia nini, kuna mpira huko? Kisonono kinakaa hata kooni wala mwenye nacho hajui. Watu wanasema "nilitumia kinga" wakimaanisha dakika tano za mwisho.

Sipro kisonono kimeshaizoea sehemu nyingi za dunia. Ukimeza nusu dozi, usaha unakauka, unajiona umepona, kumbe mdudu kabaki amejifunza dawa. Baada ya miezi mnakuja na jina lenu la "UTI sugu". Mara nyingi sio sugu, ni ugonjwa ambao haujawahi kupimwa. Nenda kapime, mwambie na mwenzio atibiwe, na msikutane mpaka mmemaliza wote, la sivyo mtakuwa mnarushiana mpira. Mwanamke anaweza asiwe na dalili yoyote, klamidia hasa, inakaa kimya inaziba mirija, na siku anatafuta mtoto ndio stori inaanza.

Kwahiyo kondomu inazuia yote?

VVU, kisonono na klamidia inazuia vizuri sana. Yale yanayopita kwa ngozi kugusa ngozi inapunguza tu, kwasababu haifuniki paja wala korodani: malengelenge, masundosundo, na kaswende kama kidonda kiko nje ya mpira. Kaswende ni mjanja, kidonda chake hakiumi, kinatokea kama wiki tatu hivi baadaye, kinapona chenyewe na wewe unamshukuru Mungu huku ugonjwa umeshaingia kwenye damu. Ukienda kupima VVU sema wakupime na kaswende. Homa ya ini B ina chanjo, kama hujachanja unangoja nini.

Nilipaka mafuta ya mgando ili isipasuke.

Ndio umeipasua. Mafuta ya mgando, ya nazi, ya mtoto, losheni, vyote vinalegeza mpira ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji. Na hiyo uliyoikalia kwenye waleti miezi sita, itoe uibonyeze: pakiti nzima ina kahewa ndani, kama imelala bapa kama chapati, tupa.

Nipime baada ya muda gani?

Mara ya ngapi hii? Ukipima kesho yake unapima maisha yako ya nyuma, sio ya jana. Kwa vipimo hivi vya haraka, wiki ya sita jibu lake ni zuri, miezi mitatu unafunga faili. Kipimo cha kujipima mwenyewe kinaruhusiwa Tanzania tangu sheria irekebishwe 2019, unapitisha kijiti kwenye fizi. Na hapana, haimaanishi mate yanaambukiza, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza kupambana na kirusi, na sio kirusi chenyewe. Kikisoma mistari miwili nenda kituoni wahakikishe kabla hujamwandikia mtu meseji ya kwaheri.

Kumbusu tu je?

VVU, hapana.

Nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu kakiri alitoka nje, anasema alitumia kinga. Hataki kupima, anasema majibu yangu ya kliniki yanatosha, mimi niko salama basi na yeye.

Pole dada. Majibu yako ni yako, ya kwake yapo kwenye kidole chake. Wapo wengi wanaolala kitanda kimoja, mmoja anavyo na mwingine hana, na huo mchezo wa kupimia mgongoni kwa mke wanaume wameuzoea mno. Ukiambukizwa ukiwa mjamzito virusi vinakuwa vingi sana mwilini na hatari kwa mtoto inapanda, na kaswende inaweza kumuua tumboni. Kwahiyo mpaka apime, kinga, hata kama ni mumeo wa ndoa. Na wewe omba kurudia vipimo kabla ya kujifungua hata wasipokukumbusha. Huwa wanawapa kipaumbele kina mama waliokuja na wenza wao, mwambie tarehe ya kliniki inayofuata aombe ruhusa kazini, abebe kadi yako, mkakae benchi moja.