Uso na shingo vimelegea: nyuzi au upasuaji?

Mama, umeandika kutoka Lubumbashi ukiuliza kama nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi ili kuivuta zitatosha kuinua mashavu na shingo, ukiwa na miaka 58. Kwa shingo, hapana. Nyuzi huinua kidogo tu, na baada ya mwaka hivi kazi yake huwa imekwisha. Upasuaji kamili wa siku hizi hauvuti ngozi peke yake: daktari hukaza tabaka la SMAS, yaani utando unaoshikamana na misuli ya uso, lililo chini yake, lile madaktari Mitz na Peyronie walilolieleza mwaka 1976, kisha ngozi hulazwa juu. Kovu hupita mbele ya sikio na kuzunguka nyuma.

Hapo kwenye kovu nakuomba sana usiharakishe. Shika ndewe zako: palipotobolewa kwa hereni pana kinundu kigumu? Kama kipo, mwambie daktari kabla ya yote, maana keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda, inaweza kuota tena. Usimfiche mafuta ya kujichubua pia. Yenye steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba na kidonda kichelewe kupona. Sigara, acha wiki kadhaa kabla. Na ukipasuliwa Afrika Kusini, usikimbilie ndege: damu huvilia chini ya ngozi hasa katika saa 24 za kwanza, na aliyekupasua anapaswa kuwa karibu.